Wiki Sita Bila Miwani

Miwani yangu ilivunjika Jumanne moja asubuhi, mwezi wa sita, jikoni kwangu, mtaa wa Ramadhani, hapa Njombe mjini. Nilikuwa naipua sufuria ya kande. Mvuke ukaziba vioo, nikaivua miwani nikaiweka juu ya kigoda ili nishike sufuria kwa mikono miwili. Mama mkwe wangu akaingia kufuata moto, maana kulikuwa na ile baridi ya manyunyu ambayo huku kwetu haiondoki mpaka mwezi wa nane, akakikalia kigoda. Tulisikia mlio mdogo, kama wa kijiti kikavu. Akanyanyuka upesi, akajipapasa nyuma, kisha akasema:

"Asante Bwana, haikunichoma."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza. Pole ilikuja, na ilikuwa pole ya kweli, lakini ilikuja ya pili. Nakumbuka nilipiga magoti nikakusanya vipande kwa kupapasa sakafuni.

Macho yangu ni mabovu tangu nikiwa msichana. Bila miwani, mtu aliye hatua tatu mbele yangu ni rangi ya nguo zake tu, sura sioni. Na nikiileta sindano karibu, tundu silioni. Kazi yangu ni ushonaji. Chumba cha mbele cha nyumba yangu kina cherehani mbili, meza ya kukatia na kioo kirefu cha wateja. Nashona sare za shule, magauni ya komunio ya kwanza na nguo za kwaya. Na Jumapili, zamu yangu ikifika, nasoma somo kanisani. Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na minne ya usomaji. Kwenye jumuiya yetu, ambayo hukutana Jumamosi asubuhi nyumba kwa nyumba, nilikuwa nasoma kila wiki bila zamu, kwa sababu hakuna aliyeniambia nipumzike, na mimi sikuuliza.

Nilikuwa nasoma vizuri. Nilisoma kama ninavyoshona, mstari ulionyooka, hakuna uzi unaoning'inia. Ila mtu angenisimamisha nje ya kanisa baada ya misa akaniuliza somo lilisema nini, mara nyingi ningebabaika.

Mama mkwe alikuwa amekuja kwangu mwezi wa tano kutoka kijijini kwake Uwemba. Daktari alitaka presha yake ipimwe kila wiki kwa miezi mitatu, na kumsafirisha mtu wa umri wake kila wiki ni kumtesa. Mwanawe, yaani mume wangu, alikuwa amefariki miaka minne kabla. Binti yetu pekee yuko chuoni, anasomea uuguzi. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili, mimi na yeye. Hatukuwa na ugomvi. Tulikuwa na adabu nyingi. Asubuhi nilimsalimia, nikamwekea maji ya moto ya kuoga, nikampa chai, kisha nikaenda kwenye cherehani. Kelele ya cherehani ilitusaidia sote wawili, nadhani.

Alikuwa na tabia ya kushukuru kwa sauti. Akiamka, alishukuru kwamba ameamka. Umeme ukikatika, alishukuru kwamba umekatika maji yakiwa yameshachemka. Na kama hayajachemka, alishukuru kwamba mkaa upo. Mvua ikinyeshea nguo zilizoanikwa, alitoka na mguu wake mbovu kwenda kuzianua, huku akishukuru kwamba kamba haikukatika zikaanguka kwenye matope. Aliyasema haraka, macho wazi, kama mtu anayemjibu jirani ng'ambo ya ua. Hakuwa anataka mtu mwingine asikie. Lakini nyumba yangu ni ndogo, na nilisikia yote.

Jambo hilo lilinikera, na sababu yake naijua. Siku tulipomzika mume wangu kwao Uwemba, padri alipomaliza na watu wakawa wanasubiri kutupa udongo, mama yake alisogea mpaka ukingoni mwa kaburi akasema, wazi kabisa, watu wote wakasikia, "Asante Bwana kwa miaka arobaini na sita." Ndiyo miaka aliyokuwa nayo mwanawe. Alikuwa ameugua siku tisa tu. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimeshikiliwa na wanawake wawili, na niliposikia maneno yale nikaona amemtoa kirahisi mno. Sikumwambia. Kwa miaka minne nilimpelekea sukari, sabuni na vitenge, nikampigia simu kila Jumapili mchana, na sikumwambia.

Imani yangu mwenyewe wakati huo sijui niiite jina gani. Sikuwa nimeacha kitu. Nilikwenda kanisani, nilisoma, nilichanga, niliimba. Ila nikipiga magoti peke yangu pembeni ya kitanda nilikuwa sina la kusema. Nilisema Baba Yetu, nikapanda kitandani.

Siku ile ile ya Jumanne nilizunguka maduka mawili ya miwani hapa mjini, vipande vikiwa kwenye leso. Kote waliniambia namba yangu ni kubwa, hawana. Fundi aliyenitengenezea ile iliyovunjika alikuwa amehamia Makambako. Alhamisi nikapanda basi la Kosta nikamfuata. Nilimpata kwa kuuliza watu, maana vibao vya maduka kwangu vilikuwa ni rangi tupu. Akanipima, akaandika, akaandika tena.

"Mama, hizi lenzi naziagiza Dar," akasema. "Njoo baada ya wiki mbili."

"Huna hata ya kuniazima?"

"Miwani haiazimwi, mama. Utaumwa kichwa bure."

Nikarudi Njombe. Nilikuwa na oda ya nguo za kwaya, magauni na mashati ishirini na manne, na sikukuu ya parokia ilikuwa inakaribia. Nilijaribu kushona kwa kupapasa. Gauni la kwanza nililifumua, la pili nikaliharibu kabisa. Ikabidi nivuke barabara na mzigo wa vitambaa nimpelekee fundi mwenzangu, mwanamke ambaye kwa miaka mingi tulikuwa tunasalimiana kwa kutikisa kichwa tu, kwa sababu wateja wangu ndio wateja wake. Alipokea. Hakuuliza maswali mengi. Aliniambia nisiwe na wasiwasi, na akanishika mkono kunivusha barabara, jambo ambalo sikuwa nimeliomba. Nikiwa njiani kurudi nilimwomba Mungu yule mwenzangu azishone vibaya kidogo. Hiyo nayo ilikuwa sala, na kwa kweli ndiyo iliyokuwa ya kwanza kutoka moyoni baada ya muda mrefu. Haikusikilizwa. Alizishona vizuri.

Kazi zilizobaki kwangu zilikuwa zile zisizohitaji macho, kupukuchua mahindi na kumenya njegere. Kwa hiyo nikahamia jikoni. Kwa mara ya kwanza tangu aje, nilikaa na mama mkwe kutwa nzima, ungo mmoja katikati yetu, jiko la mkaa pembeni, manyunyu juu ya bati. Siku mbili za mwanzo tuliongea habari za mahindi. Siku ya tatu akaanza, bila kuulizwa, kuniambia habari za mume wangu alipokuwa mtoto.

"Alikuwa haongei," akasema.

"Nani?"

"Mumeo. Mpaka anatimiza miaka minne, haongei neno. Watu walishasema huyu bubu."

Nilidhani nimesikia vibaya. Mume wangu alikuwa mtu wa maneno. Angeweza kukaa dukani kwa muuza misumari saa nzima, akatoka na historia ya ukoo mzima wa muuza misumari na misumari akaisahau. Miaka kumi na tisa ya ndoa hakuwahi kuniambia kwamba alichelewa kuongea.

"Halafu ikawaje?" nikauliza.

"Siku moja niko shambani, napalilia viazi, yeye nimemwacha kwenye mkeka uani. Nikasikia mtoto anasema, 'Moto.' Wazi. 'Mama, moto.' Nikatupa jembe. Nikapiga magoti palepale kwenye tuta, nikashukuru, nikashukuru, machozi yananitoka. Yeye anasema tu, 'Moto, moto.' Nikanyanyuka nikamkimbilia nimkumbatie. Kumbe banda la kuku linaungua."

Akafungua ganda la njegere.

"Kuku sita," akasema. "Ningeshukuru kwa kifupi ningeokoa hata wawili."

Nilicheka. Yeye pia alicheka, mpaka akakohoa. Sikumbuki kama tuliwahi kucheka pamoja kabla ya siku hiyo, hata mume wangu alipokuwa hai. Kisha tukaendelea na njegere.

Jumamosi iliyofuata jumuiya ilikutana nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mwenyekiti wetu, mzee mstaafu wa reli, alichukua Biblia, na nadhani alininyooshea kwa mazoea, maana niliona kitu cheusi kinakuja mbele yangu.

"Siwezi, mzee," nikasema. "Miwani bado."

"Basi nani atatusomea?"

Hakuna aliyejitolea. Watu wengi kwenye jumuiya yetu wanajua kusoma, ila kusoma mbele ya watu ni jambo jingine, na nadhani miaka ya kunisikiliza mimi ilikuwa imewazoeza kukaa. Kisha nikasikia sauti ya mama mmoja anayeuza viazi barabarani, anayepima kwa kopo la sado, jirani yangu wa miaka mingi.

"Nitasoma mimi. Ila mtanivumilia. Mimi niliishia darasa la nne."

Lilikuwa somo la Waisraeli jangwani, baada ya kutoka Misri. Alisoma akifuata kwa kidole. Niliweza kusikia kidole kinavyokwaruza karatasi. Alisoma neno moja, akapumzika, akasoma linalofuata. Alipofika mahali watu wanapoanza kulalamika, neno likamshinda.

"Waka... wakanu..." Akarudi nyuma. "Waka-nu-ngu..."

Neno nilikuwa nalo mdomoni tayari. Nilivuta pumzi nilitamke. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa kando yangu, akaweka mkono wake juu ya goti langu. Hakukandamiza. Aliuweka tu. Nikafunga mdomo.

"Wakanu-ng'u-nika," akasema mama wa viazi. "Wakanung'unika." Akalirudia mara ya tatu, haraka, na nikasikia anavyopumua.

Hakuna aliyecheka. Somo lile nilikuwa nimelisoma kanisani mara kadhaa, na nilijua kwamba watu wale walinung'unika. Lakini pale alipokwama, sote tukiwa tumekwama naye, nilipata muda wa kujiuliza walikuwa wananung'unikia nini. Walinung'unikia nyama na mikate na vyungu vya kule walikotoka. Walikuwa wamevushwa bahari, na walichokuwa wanakikumbuka ni vitu vya jikoni. Hata nikaona haya kidogo, kama mtu aliyesikia anasemwa chumba cha pili.

Alipomaliza alisema, "Neno la Bwana," nasi tukajibu, "Tumshukuru Mungu." Ni jibu ambalo kila Mkatoliki analijua. Lakini anayesoma halitamki. Anayesoma hutangaza, wanaojibu ni wengine. Zile Jumapili ambazo haikuwa zamu yangu nilikuwa najibu pamoja na watu, ila nikiwa nakagua aliyesoma amekosea wapi. Asubuhi ile nilijibu nikiwa nimechelewa. Sauti yangu ilitoka peke yake wengine wakiwa wameshamaliza, na mwenyekiti akasubiri imalizike ndipo akaendelea.

Wiki mbili zilipokwisha nilirudi Makambako. Kulikuwa na upepo. Makambako huwa na upepo, lakini siku hiyo ulikuwa unanyanyua mchanga wa barabarani na kuupiga usoni, na mimi ambaye nilikuwa nategemea kuona rangi, sasa hata rangi sikuziona. Nilipofika kwenye duka la fundi nilipapasa mlango nikakuta kufuli.

"Amefiwa," akaniambia mwanamke aliyekuwa anauza chai jirani. "Alikwenda kuzika kwao Ludewa. Alipiga simu kwamba leo anarudi, atafungua mchana."

"Mchana saa ngapi?"

"Hapo sijui, dada yangu."

Ilikuwa saa nne. Nilikunywa chai yake, nikakaa mpaka upepo ukanishinda. Nikamuuliza kama kuna mahali pa kujikinga. Akanielekeza kanisa, hatua chache tu, akanisindikiza mpaka kwenye ngazi halafu akarudi kwenye birika lake.

Ndani kulikuwa na mtu anafagia. Nilisikia ufagio mbele kabisa, upande wa altare, kisha nikasikia unasogea kwenye mlango wa pembeni na kutoka. Nikabaki peke yangu. Nilikaa benchi la nyuma. Sikuweza kuona altare, wala msalaba, wala sanamu. Niliona mwanga wa madirisha na giza la mabenchi. Nilikuwa na hasira. Nilihesabu nauli, siku, gauni nililoliharibu, oda iliyovuka barabara. Halafu, kwa kejeli, nikaanza kumwigiza mama mkwe. Nilimwigiza kwa sauti, kwa lafudhi yake.

"Asante Bwana kwa kufuli," nikasema.

Ikanoga. Nikaendelea. Asante kwa upepo. Asante kwa mchanga. Asante kwa lenzi za Dar. Nilikusudia kuwa mbaya, na kwa maneno manne au matano ya kwanza nilikuwa mbaya. Kisha nikasema asante kwa yule mama wa chai aliyenileta hapa, na nikagundua kwamba hilo sikulisema kwa kejeli. Sikujua jinsi ya kulirudisha. Nikasema asante kwa aliyenivusha barabara. Asante kwa mama wa viazi na darasa lake la nne. Asante kwa mtoto aliyesema moto. Hapo nilikuwa nimepunguza sauti. Nilifika kwenye miaka kumi na tisa niliyokaa na mume wangu, na hiyo sikuitaja. Nilikaa mpaka kengele ya saa sita ikalia, nikafanya ishara ya msalaba, nikatoka.

Fundi alikuja saa tisa. Alikuwa bado na nguo za safari, na alinuka moshi wa kuni wa msibani. Alifungua, akatafuta kwenye maboksi, akanivalisha miwani mpya. Dunia ikapinda. Aliivua, akasoma karatasi, akasoma boksi, akakaa chini.

"Mama, wamenitumia namba ya mtu mwingine."

Nilikuwa nimejiandaa kumfokea tangu saa nne asubuhi. Nilikuwa na maneno kabisa. "Umemzika nani?" nikauliza badala yake.

"Baba."

Nikampa pole. Akaniambia baba yake alikuwa mvuvi kule ziwani na hakuwahi kuvaa miwani maisha yake yote. Alikuwa anajisifia hilo kwa watu, mwanawe akiwa fundi miwani. Alilisema akatabasamu, nadhani, kwa jinsi sauti ilivyobadilika. Akaniahidi kuagiza upya. Ingechukua wiki nyingine tatu au nne. Nikasema sawa. Nilipotoka nje nilishangaa kwamba nimesema sawa.

Kesho yake asubuhi, jikoni, nilimuuliza mama mkwe. Sikupanga. Tulikuwa tunapukuchua mahindi ya kupeleka mashineni.

"Mama, siku ile ya mazishi. Uliwezaje kushukuru?"

Mikono yake haikusimama. Nilisikia punje zinaendelea kuanguka kwenye ungo.

"Ulitaka nisemeje?"

"Sijui. Ulie."

"Nililia. Hukuniona, ulikuwa na kilio chako." Akachukua gunzi jingine. "Pale kaburini nilisikia kelele inanipanda kooni. Nikajua nikiifungulia, haitafungika tena mpaka na mimi niingie mle. Nikashika neno lililokuwa karibu. Ndilo ninalolisema kila siku, lilikuwa mdomoni."

Nikadhani amemaliza. Hakuwa amemaliza.

"Na nilikuwa na hasira," akasema. "Wewe ulifikiri nashukuru kwa furaha? Nilimhesabia Bwana. Arobaini na sita. Nilitaka ajue kwamba najua ni mingapi, kwamba mimi ndiye niliyeihesabu, mmoja mmoja, tangu yuko kwenye mkeka haongei."

"Na sasa?"

"Sasa siku nyingine ni asante kweli. Siku nyingine bado ni ile ya siku ile. Nasema tu. Yeye atazitenganisha mwenyewe, mimi nimezeeka."

Nilinyanyuka nikaongeza mkaa. Niliporudi nilikaa upande wake wa ungo, si upande wangu, kwa sababu moshi ulikuwa unaelekea kwangu. Hiyo ndiyo sababu niliyompa. Akasogea kunipa nafasi.

Miwani ilikuja wiki ya sita. Nilikwenda Makambako mara ya tatu, nikaivaa, na kila kitu kikawa mahali pake. Nyumbani niliona buibui kwenye pembe zote za dari. Niliona kwamba mikono ya mama mkwe inatetemeka akishika kikombe, kitu ambacho ama kilianza wiki zile ama sikuwahi kukiangalia. Niliona pia ndoo ndogo nyuma ya mlango wa jikoni, imejaa maganda na punje mbovu. Nikamuuliza ni za nini. Ilibidi nimbane ndipo akasema kwamba kila nilichomenya mimi, yeye alikuwa anakipitia upya nikishatoka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi kufanya kazi," akasema.

Kwenye jumuiya mwenyekiti alininyooshea tena Biblia. Nilisema tupeane zamu, na kwamba wiki ile ni zamu ya mama wa viazi. Mama wa viazi akapinga, akasema anachelewesha watu, wengine wana shamba.

"Tutasubiri," akasema mzee wa reli, na hakuna aliyebisha. Siku hizi anasoma haraka zaidi. Bado anafuata kwa kidole. Mimi nasoma zamu yangu ikifika, na kuna siku nasoma vizuri bila kusikia, kama zamani. Sikugeuka kuwa mtu mwingine.

Mwishoni mwa mwezi wa nane daktari akamruhusu. Nilimrudisha Uwemba kwa gari la kukodi, pamoja na godoro lake na kuku wawili ambao binti yangu alimnunulia. Kabla ya kuingia ndani alitaka tupite makaburini. Kaburi la mume wangu liko nyuma ya nyumba, karibu na miti ya miwati. Nyasi zilikuwa zimeota. Tukaanza kung'oa, yeye upande wa kichwani, mimi upande wa miguuni.

Alianza kusema, kwa ile sauti yake ya kawaida. Akashukuru kwa safari, kwa presha iliyoshuka, kwa dereva, kwa kuku kutokufa njiani. Kisha akaendelea na nyasi. Hakuniangalia wala hakuniambia niseme kitu.

"Asante kwa miaka kumi na tisa," nikasema.

Sauti yangu ilikuwa kama ya mtu anayetaja kipimo cha kiuno. Sikuhisi mzigo unaniondoka, kama watu wanavyosimulia. Nilihisi magoti yamelowa. Mama mkwe aliendelea kung'oa nyasi, akazikung'uta udongo kwenye mizizi, akaziweka pembeni.

"Na mimi nilishamshukuru kwa hiyo," akasema. "Siku nyingi. Ulimtunza mwanangu vizuri."

Tulimaliza kaburi, tukaingia ndani, akanipikia viazi vya kuchemsha na chai. Alikataa nisaidie.

Kurudi nilichukua bodaboda. Tulipofika katikati ya njia mnyororo ukakatika. Dereva, baba mmoja mwenye koti la mvua, alishuka akautazama, akapiga simu kwa mwenzake alete mwingine.

"Samahani, mama. Nakuchelewesha."

Nilikaa kwenye ukingo wa shamba la viazi. Mashina yalikuwa yametoa maua meupe, safu kwa safu mpaka kwenye ukungu, na niliyaona yote. Mwenzake alichukua karibu saa moja. Nilifika Ramadhani jioni, viatu vimejaa matope. Mlangoni kulikuwa na mteja anasubiri suruali ya shule ya mwanawe, amekasirika, anasema amesimama pale muda mrefu na simu yangu haipatikani. Nikamwambia pole, nikafungua mlango, nikamtafutia suruali yake.